Gololi za kauri au za chuma kwenye pedeli? Fikiri kabla ya kugusa akiba yako

Mpwa wangu ana baiskeli mbili. Moja ni ile nyeusi nzito yenye karia, ambayo kila alfajiri huipakia makreti ya mikate na kuyafikisha madukani. Ya pili ni ya mbio, ya mtumba, ambayo Jumapili hutoka nayo na vijana wenziwe kwa njia ya Kilifi. Miezi minane amekuwa akidunduliza senti zake. Wiki iliyopita alinijia simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Tazama hizi." Zilikuwa beringi za kauri za kutia kwenye ekseli ya pedeli, na bei yake ilikuwa karibu mara nane ya zile za chuma.

Swali hili nimeshaulizwa barazani zaidi ya mara moja, na kufungua baiskeli nimeanza tangu ujana wangu. Niliyomwambia mpwa wangu nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Chini ya fremu, pale mikono miwili ya pedeli inapokutana, mna ekseli, na kila upande wa ekseli hiyo mna beringi. Kwenye zile baiskeli nzito za zamani, utakuta bakuli tu na gololi 11 za robo inchi kila upande, zimelala ndani ya grisi. Fundi yeyote wa chini ya mwembe huzitoa, akaziosha kwa mafuta ya taa, akatia grisi mpya na kuzirudisha. Kama baiskeli yako ni ya aina hiyo, basi mjadala wa kauri haukuhusu. Nunua gololi mpya za chuma, zibadilishe zote kwa pamoja bila kuchanganya mpya na kuukuu, na umwambie fundi akague bakuli kama limeanza kufanya vishimo.

Baiskeli za mbio za siku hizi hutumia beringi iliyofungwa: pete ya ndani, pete ya nje, gololi katikati, na mpira wa kuziba kila upande. Ubavuni mna namba. 6805, kwa mfano, ina kipenyo cha ndani cha milimita 25, cha nje 37, na upana 7. 6806 ni 30, 42 na 7. Isome namba hiyo kabla hujatoka nyumbani, maana muuzaji akikupa iliyo karibu-karibu utairudisha kesho yake.

Sasa hiyo kauri. Si ile ya vikombe vya kahawa. Ni kitu kigumu sana kiitwacho silikoni naitraidi, chenye ugumu wa takriban mara mbili ya chuma cha beringi na uzito usiofika nusu yake: gramu 3.2 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, ambapo chuma ni 7.8. Tena hakishiki kutu. Ukisikia hivyo utatamani, na mpwa wangu alitamani. Lakini nyingi kati ya beringi zinazouzwa kwa jina la kauri ni mchanganyiko. Gololi ndizo za kauri. Pete mbili zinazozibeba bado ni chuma.

Faida kubwa ya gololi hizi huonekana kwenye mashine za viwandani ambazo ekseli yake huzunguka maelfu kwa makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kwa kasi hiyo gololi nzito hujisukuma nje kwa nguvu, zikazua joto, na wepesi wa kauri huokoa. Mguu wa mwendesha baiskeli za mbio huzunguka mara 80 au 90 kwa dakika. Mpwa wangu akiwa na mikate, labda 60. Mwendo huo hauipi kauri kazi ya kufanya. Ukipima nguvu inayookolewa pale kwenye pedeli, ni wati moja au pungufu, na kijana mwenye afya akikaza hutoa wati 200. Mnyororo, hata ukiwa safi, hula wati kadhaa, na ukiwa na mchanga hula zaidi.

"Lakini mjomba, wameonyesha kwenye video, wakiisukuma kwa kidole yazunguka haisimami!" Kweli, huzunguka. Imetiwa mafuta mepesi badala ya grisi, na mipira yake ya kuziba haigusi sawasawa. Ukiitendea hivyo ya chuma nayo itazunguka. Kidole si mguu, na mkononi beringi haijabeba uzito wa mtu.

Hapo ndipo penye hatari kwetu sisi wa Pwani. Huku nondo za dirisha huliwa na chumvi, sembuse pete nyembamba ya beringi. Vijana wetu huendesha ufuoni bahari ikikupwa, na wakati wa masika hupita kwenye maji barabarani. Beringi isiyoziba vizuri huingiza maji ya chumvi na mchanga. Gololi ya kauri haidhuriki. Huusaga ule mchanga juu ya pete ya chuma iliyo laini kuliko yenyewe. Mwaka jana niliifungua moja ya rafiki yangu. Gololi zilikuwa zang'aa kama za jana, na pete zimekuwa rangi ya udongo, zina vishimo. Kilichobaki kilikuwa cha kutupa.

Siseme kauri haina mwenyewe. Campagnolo walitengeneza beringi za kauri zenye pete za chuma kisichoshika kutu kirahisi, na anayeshindana na saa, aliye tayari kuzifungua na kuzisafisha mara kwa mara, ana haki ya kuzitaka. Ziko pia za kauri tupu, pete na gololi, ila kauri haipendi kipigo, na mashimo ya barabara zetu mnayajua. Shimano kwa upande wao, hata kwenye daraja lao la juu la Dura-Ace, wametia gololi za chuma kwenye ekseli ya pedeli, na watu wameshinda mbio kubwa duniani juu yake.

Ununuapo ya chuma, tafuta iliyoandikwa 2RS, yaani ina mpira wa kuziba pande zote mbili. Kabla ya kuifunga, paka grisi isiyotoka kwa maji, ile wanayotumia wenye mashine za boti, pembeni mwa beringi na ndani ya tundu la fremu. Usimpe kijana wa kuosha magari aielekezee pampu pale kwenye ekseli. Kila mwezi toa mnyororo, zungusha pedeli kwa mkono na usikilize: ikikwaruza au mkono wa pedeli ukicheza kushoto kulia, badilisha mapema, maana kwa mpeleka mikate beringi ikikwama njiani ni siku nzima ya riziki.

Jana nilimpitia. Amenunua za chuma, mnyororo mpya, na tairi la nyuma la ile nyeusi, ambalo lilikuwa limekwisha kabisa na hakuniambia. Pesa zilizobaki amezificha, hata mimi hataki nijue wapi.