Nyoka mwenye sumu na asiye na sumu: utawatofautishaje?

Msimu wa kuvuna alizeti na mtama ukifika hapa Issuna, wilayani Ikungi, panya hufuata nafaka ghalani na nyoka hufuata panya. Hapo ndipo swali linapokuja: huyu ana sumu au hana?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ndiye mwenye sumu. Kwa kifutu ni kweli. Lakini koboko na swila wana vichwa vyembamba, na sumu yao inaua. Hakuna alama moja inayowatenganisha wote, hivyo ni lazima kuwajua mmoja mmoja.

Wenye sumu

Kifutu ni mfupi na mnene, ana michoro kama herufi V mgongoni. Hulala kimya njiani wala hakimbii, ndiyo maana hukanyagwa. Akichokozwa hujaza hewa na kufoka.

Koboko ni mwembamba, ana mbio, na anaweza kuzidi mita 3. Mwili wake ni wa kijivu au kahawia. Cheusi ni ndani ya kinywa.

Swila hunyanyua kichwa na kutanua shingo. Wapo wanaotema sumu machoni wakiwa mbali nawe.

Wasio na sumu

Nyoka wa nyumba ni wa kahawia, ana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa. Huyu hutulia panya. Chatu hana sumu, ila hukaba na meno yake hujeruhi. Nyoka mla mayai naye hana madhara, lakini akitishwa husugua magamba yake yakatoa sauti kama ya kifutu. Ukimwona usiku, utaapa ni kifutu.

Kwa hiyo, msikilizaji, usiyemjua mhesabu kuwa ana sumu. Rudi nyuma, mpe njia. Usimshike hata kama amekufa.

Akikuuma

Usipoteze muda kubishana ni nyoka gani, wala usimfukuze. Mgonjwa atulie, asitembee. Mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Msifunge kamba, msichanje kwa wembe, msinyonye jeraha, msisubiri jiwe la nyoka. Mbebeni haraka hospitalini, na mmoja wenu apige simu mapema kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili msifike mkaelekezwa kwingine. Sumu ikiingia machoni, osheni kwa maji safi mengi.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Sisi wa vijijini tunaweza kuanza kulipa kipaumbele leo: viatu shambani, tochi usiku, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.