Kutoka Rubya hadi Burugo: China Isiyofundishwa Darasani

Mwanafunzi wa kidato cha pili huko Muleba anajua kwamba zamani Wachina walileta hariri na vyombo vya kaure kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mada hiyo imo katika somo la Historia kwa miaka mingi, na kila anayejiandaa kwa mtihani huikariri: vigae vya Kilwa, merikebu za Zheng He, twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Akipanda madarasa anakutana tena na China kwenye reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970. Kati ya twiga na reli pana pengo la karne tano na nusu. Baada ya reli hakuna kitu.

Lakini mwanafunzi huyo huyo akitoka darasani anaishika China mkononi. Simu ya Tecno anayoazima kwa kaka yake ni ya kampuni yenye makao Shenzhen, na fundi aliyemfundisha kaka huyo kuchomelea vyuma huenda ameajiriwa katika chuo kilichojengwa kwa fedha za China. Barabara inayomleta shule kutoka upande wa Biharamulo ilijengwa na kampuni ya China. Anajua vitu vya Wachina, wenyewe hawajui. Hajui kijana wa huko wa umri wake anaamka saa ngapi, analelewa na nani, anaogopa mtihani gani. Nimeipita njia ya Bukoba hadi Muleba nikilifikiria jambo hili, na naamini eneo hili lina sababu kuliko mengine mengi ya kulirekebisha. Sababu ya kwanza ni ya zamani, nayo iko Rubya.

Seminari ya Rubya, katika Ihangiro ya zamani ambayo leo ni Wilaya ya Muleba, ilianzishwa mwaka 1904. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walikuwa wamefika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, miaka miwili baada ya Emin Pasha kuweka kituo cha Wajerumani ziwani. Rubya vijana wa Kihaya walifundishwa Kilatini. Walijifunza sarufi yake, na kwa njia hiyo wakaijua Roma: sheria zake, kalenda yake, namna wakubwa wake wanavyofikiri na kuamua. Laurean Rugambwa alisoma hapo kabla ya kwenda Katigondo, Uganda. Alipadrishwa mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Alipokwenda Roma hakwenda kama mgeni wa kushangaa majengo. Aliijua nyumba aliyoingia.

Unaweza kuwa na mashaka na mengi yaliyoletwa na misheni, na mimi ninayo. Hata hivyo Buhaya ilikwisha kuonyesha kwamba watu wa mbali wakishaingia katika maisha yako, unawasoma mpaka ndani. Tuliwasoma Warumi, tukawasoma Waingereza mpaka tukawazidi kwa baadhi ya vitabu vyao. Wachina wamekuwa nasi rasmi tangu mwaka 1964 na bado hatujawasoma.

Si kwamba wao hawakujieleza. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na mwenye redio ya masafa mafupi popote katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi aliweza kuwasikia. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Juni mwaka huo huo Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Vitabu vyekundu vya Mwenyekiti Mao vilichapishwa kwa Kiswahili na kusambazwa. Lakini China hiyo ilikuwa ya mabango. Njaa kubwa iliyofuata mpango wa Hatua Kubwa Mbele, kati ya 1959 na 1961, iliua mamilioni ya wakulima, nayo haikusimuliwa kwenye vitabu hivyo. Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966 yalifika kwetu kama nyimbo na picha za vijana wenye furaha. Aliyefunzwa China kwa njia hiyo hakufunzwa jamii. Alionyeshwa jukwaa.

Kuna mwaka mmoja ambao ningependa kila mwalimu wa Historia wa Bukoba aufundishe kwa kuziweka ramani mbili ubaoni. Mwaka wenyewe ni 1978.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Daraja la Kyaka likavunjwa. Bukoba watu walifunga mizigo. Jeshi lililokwenda kuirudisha ardhi ile lilikuwa limefunzwa kwa sehemu kubwa na Wachina tangu katikati ya miaka ya 1960, na miongoni mwa vifaru vyake vilikuwemo vya China. Vita vilipomalizika, mwaka 1979, mkoa ukabadilishwa jina na kuitwa Kagera. Hii ni habari ambayo wazee wa hapa wanaweza kuisimulia bila kitabu.

Sasa ramani ya pili. Majuma yale yale, katika kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakulima 18 walikutana usiku kwa siri. Walikuwa wamechoka na njaa ya shamba la pamoja. Wakakubaliana kuigawa ardhi kwa kaya, kila kaya ilime, itoe fungu la serikali, na kinachobaki kiwe chake. Wakaweka alama za vidole kwenye karatasi, na wakaapa kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Desemba mwaka huo viongozi wa chama wakakutana Beijing, na Deng Xiaoping akaielekeza nchi njia mpya. Baada ya miaka michache mashamba ya pamoja yakavunjwa nchi nzima.

Mtoto wa Kihaya anaielewa Xiaogang haraka kuliko mtoto wa mjini. Yeye amekulia kwenye kibanja. Anajua migomba inayozunguka nyumba ni ya ukoo, makaburi ya babu zake yamo humo humo, na kwamba kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa katika miaka ya 1970, katika sehemu hizi zenye watu wengi na migomba ya kudumu, kwa sehemu kubwa watu walibaki pale pale walipokuwa. Mwulize kwa nini mkulima wa Anhui alikuwa tayari kufungwa kwa ajili ya shamba la kaya, naye atakujibu kabla ya kufungua daftari. Baada ya hapo unaweza kumweleza yaliyofuata. Wakati ule chini ya Mchina mmoja kati ya watano aliishi mjini, leo ni kama wawili kati ya watatu. Benki ya Dunia inakadiria kwamba karibu watu milioni 800 wametoka katika umaskini uliokithiri kwa muda wa miaka 40. Na mtoto ataona kwamba mambo hayo yalianzia kwa watu wenye jembe na hofu.

Ukiondoka Bukoba kwenda kusini unapita Kyetema, Kemondo yenye bandari yake, kisha Muhutwe, halafu Kagoma. Kuanzia Kagoma hadi Lusahunga, kilomita 154, lami iliwekwa na kampuni ya CHICO kutoka China. Waliofanya kazi ya kibarua kwenye barabara hiyo waliishi na Wachina miezi mingi. Walijua wanakula nini, wanakasirika kwa sababu gani, na kwamba wengi wao walikuwa wameacha mke na mtoto mkoani kwao na kuwaona mara moja kwa mwaka. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Shule zilizo kando ya barabara hazikuwahi kumwita hata kibarua mmoja aje darasani.

Iliyofanya kazi ya shule ilikuwa televisheni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya China iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, kuhusu nesi wa Beijing anayeolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana, hivyo akajikuta na mama wakwe wawili. Ilipendwa kiasi kwamba Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Naichukulia tamthilia ile kwa uzito. Kwa mara ya kwanza Mtanzania wa kawaida alimwona Mchina akigombana jikoni, akihesabu kodi ya nyumba, akilia kwa sababu ya talaka. Hakuwa mhandisi wala daktari wa msaada. Alikuwa mkwe.

Muleba, ukishuka kuelekea ziwani, kuna somo jingine zuri kuliko yote, nalo limetupwa pembeni kama biashara tu. Ni mabondo.

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Viwanda vya minofu vilipokuja, kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwake, yaani bondo, kilikuwa mabaki. Leo bondo lililokaushwa lina thamani kwa kilo kuliko minofu kwa mbali sana, na wavuvi wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza wanalijua hilo vizuri kuliko ofisa yeyote. Linaishia Hong Kong na kusini mwa China. Lakini ukiuliza linafanyiwa nini huko, utasikia mambo ya ajabu ya kubuni. Jibu la kweli ni la kibinadamu: linachemshwa kuwa supu. Linaliwa kwenye karamu za harusi, linatolewa zawadi wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, na mama aliyejifungua hupewa ili arudishe nguvu. Mama huyo kwa desturi hukaa ndani mwezi mzima, hagusi maji baridi, anapikiwa na mama yake au mkwe wake. Nani katika Afrika Mashariki asiyeijua arobaini ya mzazi?

Darasa la Muleba linaweza kulifuata bondo kutoka kwenye mtumbwi hadi kwenye bakuli, na njiani likajifunza uchumi, jiografia, desturi za uzazi na pia uharibifu. Bondo kubwa linatoka kwa sangara mkubwa, na sangara mkubwa ndiye mzazi. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, na bei ya bondo inamvuta mvuvi upande wa pili wa kipimo, kwa wale wakubwa. Mwanafunzi akielewa kwa nini familia ya Guangdong inataka bondo nene, ameelewa pia ni nini kinaondoka ziwani kwake.

Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chuo cha VETA cha mkoa huko Burugo, Wilaya ya Bukoba, kilichojengwa kwa msaada wa China wa zaidi ya shilingi bilioni 22. Ni majengo mazuri na karakana za kweli. Vijana wanajifunza umeme, magari, uchomeleaji. Kichina nacho kimo katika orodha ya lugha za kuchagua kwenye mtaala wa sekondari, na Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma tangu 2013. Yote haya nayakaribisha. Ila lugha na karakana si jamii, na jamii ya watu wengine isifundishwe na wenye jamii hiyo peke yao. Kila taifa likijieleza kwa wageni huvaa nguo za sikukuu. Somo la China ya leo linahitaji mwalimu wa Kitanzania, kitabu kilichoandikwa hapa kwa Kiswahili, na uhuru wa kuyasema ya 1989 Tiananmen pamoja na ya treni za mwendo kasi. Tumeona gharama ya kutojua. Mwaka 2025 serikali ilipozuia wageni kufanya biashara ndogondogo, mabishano ya Kariakoo yalijaa hasira na yalikuwa na maarifa machache sana kuhusu hao Wachina ni akina nani, wametoka mkoa gani, na nini kimewasukuma mpaka mtaa wa Kongo.

Kama ningepewa kipindi kimoja tu, nisingeanza na biashara. Ningeanza na bibi.

China ina mfumo wa kuandikisha kaya, uliowekwa mwaka 1958, unaomfunga mtu na mahali alikoandikishwa. Mkulima akienda kufanya kazi kiwandani Shenzhen, kwa miaka mingi mtoto wake hakuweza kusoma kwa urahisi katika shule za serikali za mji huo. Wafanyakazi wahamiaji ni karibu milioni 300. Mamilioni ya watoto wamebaki vijijini na babu na bibi, wakiwaona wazazi wakati wa Mwaka Mpya. Juu ya hapo kulikuwa na sera ya mtoto mmoja, kutoka 1980 hadi 2015, iliyozaa kizazi kisicho na kaka wala dada, ingawa vijijini wengi waliruhusiwa mtoto wa pili. Mwaka 2021 serikali iliruhusu watoto watatu, na vijana hawakuitikia. Mwaka uliofuata idadi ya watu wa China ilipungua, kwa mara ya kwanza tangu njaa ile ya 1961. Kila Juni zaidi ya watahiniwa milioni 12 wanakaa kwenye gaokao, mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu, na kwa mtoto wa kijijini ndio mlango pekee ulio wazi.

Kagera inawajua watoto wa bibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Bukoba na Muleba vilibakiwa na wazee na wajukuu. Wengine leo wanalelewa na bibi kwa sababu baba yuko visiwani na mama yuko Mwanza au Dar. Wanajua kusubiri simu ya Jumapili, na wanajua uzito wa mtihani unaobeba matumaini ya ukoo mzima. Mbele ya watoto hao mwalimu hana haja ya kueleza sana. Awape habari za mtoto wa Sichuan wa miaka 14, awaache waulize maswali, ayaandike ubaoni, na muhula uanzie hapo.