Mtumba Uliofunikwa: Njia ya Unyanyembe na Historia ya Kuona Ndani ya Mwili

Wahenga wametuusia kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa: alijua, akanyamaza, na msiba ukatangaza alichokificha. Lakini historia ina upande wa pili ambao methali haikuugusa. Kwa karne nyingi mfichaji mkubwa wa maradhi hakuwa mgonjwa, bali ni mwili wenyewe. Kifua kiliharibika ndani na ngozi ikabaki nyororo nje. Mwenye maradhi hakuwa na habari, na tabibu wake hali kadhalika. Kilio ndicho kilichokuwa kipimo. Katika makala haya tutaifuata habari hiyo kwa kupitia njia ambayo watu wa pwani waliijua vyema, yaani njia ya misafara ya Unyanyembe.

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Reli hiyo, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake nchi ile ilikanyagwa kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia Tura, ikapita Rubuga na Kigwa, ndipo ikafika Kwihara na Tabora. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, na robota la nguo likiitwa mtumba, neno ambalo leo limebaki kwa nguo kuukuu. Uzima wa pagazi ulipimwa kwa jicho tu: ama alisimama na mzigo wake, ama hakusimama. Aliyeangushwa na ndui au kuhara damu aghalabu aliachwa nyuma.

Isidhaniwe kuwa watu hawakutamani kuona ndani. Mfumu wa Kinyamwezi alimpasua kuku na kusoma alama za mwilini mwake ili ajue kinachomsumbua mtu. Kwetu pwani watu walipigiwa ramli. Haja ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuutazama mwili ulio hai bila ya kuupasua.

Kisa cha maiti mmoja aliyepita njia hiyo kinaonesha upungufu huo kuliko vyote. David Livingstone aliugua kwa muda mrefu, akitokwa na damu, na akafariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliazimia kumrejesha pwani. Kazi ya kumpasua ilimwangukia Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja hapa Unguja na kwa hiyo alijua kidogo namna maiti wanavyochunguzwa. Alikuta upande wa kushoto pande la damu iliyoganda, ukubwa wa mkono wa mtu, na mapafu yaliyokauka yenye mabaka meusi na meupe. Hapo ndipo ndani ya mwili ule palipoonekana kwa mara ya kwanza, na aliyeona alikuwa mtumishi, si tabibu. Lakini mwenye mwili alikuwa hahitaji tena kujua.

Msafara ulifika Kwihara Oktoba 1873. Cameron, Mwingereza aliyewakuta huko, alishauri maiti azikwe papo hapo, wakakataa. Mbele ya safari, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti apite nchini mwao. Ndipo watu wale walipofunga mabua ya mtama ndani ya nguo kwa mfano wa maiti, wakawatuma wenzao sita kuyarudisha Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Maiti wa kweli wakamfunga upya kama mtumba wa kawaida wa nguo. Akapita, na wala hakuna aliyejua.

Alipofikishwa London Aprili 1874, daktari William Fergusson alimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na ambao haukuunga sawasawa. Tanbihi, msomaji: mambo yote yaliyojulikana kwa hakika juu ya mwili ule, damu, mapafu na mfupa, yalijulikana baada ya roho kutoka.

Miaka 22 baada ya kifo hicho, tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua nchini Ujerumani miale inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1898 mashine hiyo ilikwishafika Afrika, katika vita vya Sudan, ambako daktari Battersby alitafuta risasi miilini mwa majeruhi, na umeme wake ukazalishwa na askari waliokanyaga baiskeli. Baadaye vilifuata vipimo vingine. Ultrasaundi hutumia mwangwi wa sauti isiyosikika kwa sikio, na ilianza kupata nguvu katika uzazi baada ya utafiti wa Ian Donald wa Glasgow mwaka 1958. Skani ya CT, ambayo hukusanya picha nyingi za eksirei na kuukata mwili vipande kwa hesabu, ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Mmoja wa wawili waliotunukiwa Nobeli kwa ajili yake mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg na kuanza hesabu hizo akiwa Cape Town.

Faida kubwa ya vipimo hivi ni kuwahi. Tuchukue kifua kikuu. Tafiti za kitaifa za Afrika na Asia zimeonesha kuwa karibu nusu ya watu wanaokutwa na vijidudu vyake hawaelezi dalili yoyote. Hawakohoi, nao wanaweza kuambukiza. Eksirei huona kivuli pafuni kabla ya mwenyewe kukishuku. Ultrasaundi humwonesha mkunga pacha, au kondo la nyuma lililoziba njia, miezi kadhaa kabla ya uchungu. Mamografia huweza kuona uvimbe wa titi ambao vidole havijaugusa, ilhali wagonjwa wengi wa saratani hiyo Tanzania bado hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea.

Hata hivyo picha si hukumu. Kivuli cha kifuani huhitaji kuthibitishwa kwa makohozi. Uvimbe huhitaji kukatwa kipande na kuchunguzwa. Tena eksirei ina madhara ikitumiwa ovyo. Picha isiyo na msomaji ni sawa na barua mikononi mwa asiyejua kusoma.

Aidha, iko habari ya masafa. Baada ya mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilinunua mashine za CT na eksirei za kidijitali kwa hospitali za mikoa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mkulima wa Goweko anayehitaji skani hana budi kutafuta nauli, kuacha shamba, na kusafiri mpaka mjini, hali yu mzima machoni pake mwenyewe. Nani husafiri kutafuta maradhi ambayo hayajamuuma? Kipimo cha mapema kinachofikiwa kwa kuchelewa hurejea kuwa kazi ya Farijala.

Na iko hofu. Watu wa Kasekera waliogopa kilichomo ndani ya mzigo, na kwa sababu hiyo mzigo ukafichwa. Hadi leo wako wanaoukimbia mlango wa kliniki ya kifua kikuu kwa kuchelea macho ya majirani. Methali ya wahenga inawahusu hawa. Wale wasiojua kwa sababu mashine iko mbali haiwahusu, na lawama yao tusiwatwike wao.