Shela: Vita Vilivyoamuliwa na Maji Kupwa

Wasee wa Nairobi mnapenda kupiga kasia kwenye maporomoko ya Sagana. Poa. Lakini chukua mabeste uende Lamu, mpite Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara. Huko hakuna mawe, na kwa miaka mingi kulikuwa na saa tu: maji yakijaa ulipita, yakipwa ulikaa topeni hadi yarudi, misuli yako baadaye.

Sasa cheki 1812 hivi. Jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa linashuka Shela kuivamia Lamu. Linapigwa, linakimbilia vyombo. Wazee husimulia kwamba maji yalikuwa yameshakupwa, majahazi yamekaa mchangani, na watu wakauawa pale pale ufukweni. Na hawa ni watu wa bahari! Nadhani walipiga hesabu ya kuingia tu.

Lamu, ikihofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ngome ya Lamu ikamalizika 1821, na kufikia 1837 Mombasa yenyewe ilikuwa mikononi mwake. Shuleni niliambiwa huo ni "upanuzi wa Waomani", nikakariri tarehe. Maji ya Shela hakuna aliyeyataja.