Peramiho: Nyumba ya Mahoka na Kanisa

Kutoka Majengo, mjini Songea, hadi Peramiho ni kilomita zipatazo 24, na wengi wetu tunaijua njia hiyo kwa sababu ya hospitali. Misheni ya huko ni rika moja na mji wetu. Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897; mwaka uliofuata Padri Cassian Spiss na Wabenedikto wenzake wakaweka makao Peramiho, katika nchi ya Njelu iliyotawaliwa na Wangoni wa ukoo wa Gama. Mwaka 1899 wakafungua misheni ya Kigonsera.

Wangoni walikuwa na nyumba ya mahoka, mahali pa kusema na wazee waliotangulia. Mwaka 1903 Padri Francis Leuthner aliiteketeza. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Nkosi, yaani mtawala, Mputa Gama hakuchomewa kibanda cha miti na nyasi tu. Alichomewa babu zake, mbele ya watu aliowatawala.

Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipofika Ungoni, Septemba 1905, kanisa la Peramiho likachomwa moto, na Leuthner akauawa. Spiss, aliyekuwa askofu tangu 1902, alikuwa ameshauawa Agosti 14 akiwa safarini upande wa Liwale.

Kisha zikaja kamba. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni hapa Songea, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao. Kabla ya hapo Padri Johannes Häfliger aliwaendea gerezani, akawabatiza 31. Nimejiuliza mara nyingi walisikia nini katika maneno yale ya ubatizo, wakati nje miti ya kunyongea inawangoja.

Mazao na maghala yalikuwa yameteketezwa na jeshi la Wajerumani, na njaa ikaua wengi waliosalimika na risasi. Katika nchi hiyo iliyopungukiwa watu, misheni ilijengwa upya. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye eneo lake la kikanisa. Kanisa kubwa la sasa likajengwa miaka ya 1940. Mwaka 1969 likazaliwa Jimbo la Songea, na James Komba, mwana wa nchi hii, akawa askofu wake.

Kila Februari 27 tunakwenda kwenye makaburi ya mashujaa. Katika kaburi la pamoja, waliobatizwa siku zile na wasiobatizwa wamelala bega kwa bega.