Hitilafu ya mishipa ya damu katika glakoma

Hitilafu ya mishipa ya damu katika glakoma ni hali ambayo mishipa midogo inayolisha neva ya jicho, yaani neva inayopeleka taarifa za kuona kwenye ubongo, hushindwa kurekebisha mtiririko wa damu kulingana na mahitaji, na hivyo kuchangia kufa kwa nyuzi za neva hiyo. Hujitokeza zaidi kwa wagonjwa ambao presha ya macho yao haizidi kiwango cha kawaida cha milimita 21 za zebaki, ingawa haiwahusu wao peke yao.

Utando wa ndani wa mshipa wenye afya hutoa oksidi ya nitriki, inayoulegeza mshipa, na endothelini, inayoubana. Uwiano huo ukivurugika, mshipa hubana kupita kiasi. Aidha, damu husukumwa jichoni na tofauti kati ya shinikizo la damu na presha ya jicho, kwa hiyo shinikizo likishuka mno mgonjwa akiwa usingizini, pengine kutokana na dawa alizomeza jioni, neva huweza kukosa oksijeni.

Dalili mojawapo ni mchirizi mwembamba wa damu ukingoni mwa kichwa cha neva, ambao Stephen Drance wa Kanada aliuhusisha na upungufu wa damu mwaka 1970. Hufifia baada ya wiki kadhaa, na ni rahisi kutoonekana katika uchunguzi wa haraka. Wataalamu bado wanajadili iwapo hitilafu hiyo hutangulia uharibifu wa neva au huufuata, na tiba iliyothibitishwa imebaki kuwa kushusha presha ya jicho.