Karagwe na Habari za Milima ya Theluji

Mtu aliyezaliwa Karagwe au Kyerwa hajui theluji. Ajuayo ni ukungu wa alfajiri juu ya mto Kagera, na mvua ya mawe iangushayo maua ya buni. Walakini nchi yake ilikuwa mlango wa habari za milima ya theluji, na habari hizo yafaa zisimuliwe sasa, kwa kuwa theluji yenyewe inakwisha.

Mwaka 1848 Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile ila “baridi.” Rebmann akaandika kuwa ni theluji. Huko London, Bwana Cooley, mjuzi wa ramani asiyepata kukanyaga Afrika, akakana kabisa. Ubishi ukadumu hata von der Decken alipoupanda mlima ule mwaka 1862 na kuishuhudia theluji.

Wakati ubishi ule ukiendelea, mwezi wa Novemba 1861, Speke na Grant walifika Karagwe, wakapokelewa kwa ukarimu na Mkama Rumanyika. Kutoka vilimani Speke aliona, upande wa magharibi, vilele vya Mfumbiro, ndivyo viitwavyo sasa Virunga, akavihesabu katika Milima ya Mwezi ambayo Ptolemy aliitaja zamani kuwa theluji yake hulisha Nile. Lakini Virunga ni milima ya moto, haina barafu ya kudumu. Yenye barafu ni Ruwenzori, mbali zaidi kaskazini, nayo hujificha mawinguni. Mwaka 1876 Stanley alipita karibu nayo asiione theluji, kisha akateremka kwa Rumanyika. Aliiona mwaka 1888; na mwaka uliofuata, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, akavuka Kagera na kupita Karagwe. Na Wakonjo, wakaao mitelemkoni, walikuwa wakijua tangu kale kuwa juu ya weupe ule ndipo makao ya Kitasamba.

Mwaka 1906 Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikipanda kilele kirefu kupita vyote, chenye meta 5,109. Mlima mmoja wa huko akaupa jina la Speke, ambaye hakupata kuuona. Barafu iliyokuwa juu ya Ruwenzori siku zile yakadiriwa kuwa kama kilometa 7 za mraba. Miaka mia baadaye imesalia yapata moja. Kilimanjaro ilikuwa na kilometa 12 mwaka 1912, na mwaka 2007 hazikufika 2.

Sababu ni nini? Theluji ikilundikana miaka mingi hukandamizana ikawa barafu, ikateremka polepole kama uji mzito. Yaingiayo juu yakizidi yayeyukayo chini, barafu husonga mbele. Yakipungua, hurudi nyuma. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya nchi hizi ilipungukiwa na unyevu na mawingu, na baadaye joto la dunia limeongezeka. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu ya Afrika yaelekea kutoweka yote ifikapo mwaka 2050.

Wako wanaohofu kwamba mito itakauka. Hofu hiyo imepita kiasi: maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mito ya Ruwenzori, na Kagera hulishwa na mvua za Rwanda, Burundi na Karagwe yenyewe. Alindaye mito na alinde misitu na mabwawa.

Hasara yetu ni nyingine. Itakapotoweka barafu, yatasalia matuta ya mawe iliyoyasukuma zamani, na maneno ya walioiona. Rebmann aliona, akakanushwa na asiyeona. Wajukuu wetu nao watakuwa katika hali ya Cooley, wakiambiwa kuwa karibu na mstari wa ikweta palikuwa na theluji. Basi ni wajibu wetu kuwaachia ushahidi ulioandikwa vema, pamoja na majina ambayo wenyeji waliipa milima hiyo kabla ya mgeni yeyote kufika.